Pupa

Miaka thelathini na minane Gunvaldis aliendesha treni
kutoka Riga hadi Valka, na kurudi,
akaijua ile misonobari
kama mtu ajuavyo ngazi za nyumba yake gizani.
Siku ya kustaafu walimpa saa.
Velta alicheka hadi akakaa chini:
saa! Kwa mtu ambaye
hata supu huila kwa ratiba.

Sasa ni abiria. Hajazoea.
Ndani ya basi la Krakov alishika kiti cha mbele,
mguu wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo,
na kila kituo akanong'ona:
"Dakika nne. Tumechelewa dakika nne."
Velta, aliyesambaza barua za watu maisha yake yote
asipate hata moja yenye stempu ya ugenini,
aliegemeza paji la uso kiooni
akawa anahesabu korongo juu ya nguzo za umeme.
Yeye hakutaka kufika.

Waliporudi, magugu yalikuwa yamewatangulia.
Jirani, Skaidrite, alimwagilia nyanya, ndiyo,
ila matango aliyasahau, yakawa kama viatu,
manjano, machungu.
"Ndiyo nauli yenyewe hiyo," alisema Velta
akapiga magoti udongoni
koti la safari bado li mwilini.

Mwana wao, Uldis, yuko Cork, Ayalandi.
Alianzia kiwanda cha samaki; sasa hupaka nyumba rangi,
ana gari, ana ngazi mbili.
Aliaga kwa miezi sita.
Imekuwa miaka kumi na saba.
Hawalisemi hilo. Linakaa mezani kama chumvi,
kila mmoja anajua lilipo.

Mwezi wa tatu wakapanda ndege.
Uwanjani walinyang'anywa mtungi wa matango ya siki
(kimiminika, alisema kijana mwenye glavu)
na Gunvaldis, mtu wa sheria,
alisimama akautazama ukizama pipani
mpaka Velta akamvuta mkono.
Lakini ndani ya soksi yake ya kushoto
mbegu kumi na mbili zilivuka salama.
Hakuna aliyezikataza.
Yeye alidhani ni magendo, akatembea kwa kuchechemea
hadi mlangoni kwa mwanawe, akiona fahari.

Mjukuu, Orla, ana miaka sita.
Kilatvia chake ni "nipe" na "usiku mwema".
Kiingereza cha bibi ni "samahani".
Kwa akiba hiyo wakaingia uani,
katika mvua isiyonyesha wala kukatika,
wakachimba kwa kijiko cha supu.
"Pupa," alisema bibi, haragwe kiganjani.
Kwao ndivyo liitwavyo: pupa.
Na hakuna kitu duniani kisicho na pupa kama haragwe.
Kila asubuhi mtoto alitoka na nguo za kulalia,
akafukua kidogo, akachungulia, akafukia.
Siku ya tisa, si kitu.
Siku ya kumi ilikuwa tiketi ya kurudi.

Mwezi wa tano, kule kwao,
theluji ya mwisho imekonda nyuma ya banda.
Simu inalia Velta akiwa na mbolea hadi viwikoni;
anaifungua kwa ncha ya pua.
Picha: shina limejikunja kama alama ya kuuliza,
na pembeni kidole, kucha nyeusi kwa udongo.
Chini Uldis ameandika:
Analiita pupa. Darasa zima linaliita pupa.
Agosti mna nafasi?

Skaidrite anauliza awamwagilie lini mwaka huu.
Mwaka huu hatuendi popote, anaambiwa.
Bandani msumeno unakwenda:
kitanda, kifupi, cha mbao za msonobari.
Kisha Gunvaldis anatoka na vumbi la mbao nyusini,
na mkononi ile saa, siku yake ya kwanza kuivaa.
"Siku themanini na tatu," anasema.
Velta hainui kichwa.
"Palilia kwanza."